MFUMO WA NYARAKA ZA OFISI: UUWEKE KWENYE WINGU LA NANI?

Kuna swali moja linanirudia kila wiki, na safari hii nimeamua nilijibu kwa kirefu ili mtu akiniuliza tena nimtumie linki tu: "Mkuu, ofisi yetu inataka kuweka mafaili yote kwenye mtandao, tukodi seva wapi?" Juzi pale kafe kuna dogo kapewa kazi hiyo na mjomba wake, na kitu cha kwanza alichofanya ni kugugo bei. Kashapata seva ya bei chee huko Ulaya na alikuwa anatafuta kadi ya kulipia. Nikamwambia dogo, simama kwanza. Mimi nilishapita njia hiyo hiyo na nitawaambia kilichonikuta.

KWANZA, TUNAZUNGUMZIA NINI

Simaanishi tovuti ya kurasa tano yenye picha ya bosi na namba ya simu. Nazungumzia mfumo wa kusimamia nyaraka na maudhui ya taasisi nzima: mikataba, barua, mihtasari ya vikao, hati, picha, mpaka habari zinazotoka kwenye tovuti. Mfumo wa namna hii unajua nani aliandika barua, nani aliirekebisha, toleo la jana lilikuwaje, nani anaruhusiwa kuiona na nani bado hajasaini. Tena unaweza kutafuta neno lililo ndani ya karatasi iliyopigwa skani. SharePoint ya Microsoft ni mmojawapo. Alfresco, iliyoanza mwaka 2005, ni mwingine, na ina toleo la bure ambalo vijana wengi tunalipenda kwa sababu hiyo hiyo ya ubure. Kutupia mafaili kwenye Google Drive ya mtu mmoja pale ofisini si mfumo wa nyaraka. Huyo mtu akiacha kazi mtajua hamjui.

Sisi wa Dodoma hatuhitaji kuelezwa thamani ya faili. Mimi niko Mkonze, na huku stori za viwanja ndo stori zenyewe. CDA ilianzishwa mwaka 1973, ikavunjwa na Rais Magufuli tarehe 15 Mei 2017, kazi zake zikahamia kwa iliyokuwa Manispaa ya Dodoma, ambayo mwaka uliofuata, 26 Aprili 2018, ikatangazwa kuwa jiji. Yaani mafaili ya viwanja ya miaka zaidi ya 40 yakabadilisha mwenyewe. Hati zilizokuwa za miaka 33 zikaagizwa ziwe za miaka 99. Sasa fikiria wewe ndo mwenye kiwanja halafu karatasi yako moja haionekani. Hulali. Kwa hiyo mtu akikuambia "niwekee mafaili kwenye mtandao," hajakupa kazi ya kompyuta tu, amekukabidhi usingizi wa watu.

AINA ZA WINGU, KWA LUGHA YA KUPANGA NYUMBA

Wingu, au klaudi kama wengi wanavyosema, si kitu cha ajabu. Ni kompyuta za mtu mwingine, ziko kwenye jengo la mtu mwingine, wewe unalipia unachotumia. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa maelezo yake Septemba 2011 na mpaka leo ndiyo watu wanayoyafuata: aina tatu za huduma, na aina nne za umiliki. Majina yake yanatisha bure. Tuchukulie kupanga nyumba, maana hapa Dodoma tangu Serikali itangaze kuhamia mwaka 2016 kila mtu ni mtaalamu wa kupanga.

Ukinunua seva yako na kuifungia stoo ya ofisi, umejenga nyumba yako. Uhuru wote ni wako, na bomba likipasuka usiku ni lako pia. Umeme ukikatika ni wewe na jenereta lako. Waliopitia mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 wananielewa.

Aina ya kwanza ya wingu, utaiona imeandikwa IaaS, ni chumba kitupu. Mwenye nyumba anakupa kuta, umeme na mlango. Kitanda, pazia, jiko, kufuli, vyote utajua mwenyewe. Yaani unakodi mashine tupu, unaweka Linux, kanzidata na programu yenyewe, unafanya apdeti na unachukua bakapu. Ndiyo inayoonekana rahisi ukigugo bei.

Aina ya pili, PaaS, ni chumba chenye kitanda na jiko tayari. Mwenye nyumba anatunza Linux na kanzidata, wewe unaleta programu yako tu. Inawafaa sana watu wanaoandika programu wenyewe. Kwa mfumo wa nyaraka mliouchukua tayari umeshaandikwa na watu wengine, mara nyingi haiwasaidii kihivyo, kwa hiyo sitaiongelea tena.

Aina ya tatu, SaaS, ni gesti. Unaingia na begi lako, kitanda kimetandikwa, ukiondoka unarudisha ufunguo. SharePoint ya mtandaoni, iliyokuja na Office 365 mwaka 2011, ni ya namna hii. Huoni seva, hujui hata iko chumba gani. Ila pia huruhusiwi kupigilia msumari ukutani.

Upande wa umiliki ni hivi: wingu la umma ni gesti ambayo yeyote mwenye hela analala. Wingu binafsi ni nyumba ya taasisi moja tu. Wingu la jumuiya ni kama kota, wanakaa watu wa mwajiri mmoja au wenye shida zinazofanana. Na la mseto ni pale unapolala kwako lakini unakula kwa mama ntilie.

MFANO WETU WENYEWE: TOVUTI ZA HALMASHAURI

Watu wakitaka mfano wanakimbilia Marekani, wakati tunao hapa hapa. Mwaka 2017 zilizinduliwa kwa pamoja tovuti za mikoa 26 na halmashauri 185. Kama umewahi kufungua tovuti za halmashauri mbili tofauti umeona zinafanana kama mapacha: matangazo huku, habari huku, picha ya kiongozi pale. Hiyo si bahati mbaya. Zimejengwa juu ya mfumo mmoja wa tovuti za Serikali uliotengenezwa na eGA, ambao wakati huo walikuwa Wakala ya Serikali Mtandao na tangu Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 ni Mamlaka, makao makuu yake hapa Dodoma.

Ona walichochagua. Afisa habari wa halmashauri anaandika habari yake mwenyewe, anaweka tangazo la ajira au la zabuni, hajui wala hahitaji kujua seva iko wapi. Mambo ya seva na tundu za kiusalama yana watu wake. Kwa huyu afisa habari ni gesti, kwa Serikali nzima ni kota. Sasa geuza: kila halmashauri ingekodi seva yake, ingehitaji fundi 185 wa kuamka usiku. Hawapatikani! Au wanapatikana, lakini wewe utawalipa nini huko wilayani?

Hasara yake ipo. Mayai yakiwa kapu moja, siku kapu likidondoka ni mayai yote. Tena halmashauri ikitaka kitu cha tofauti kabisa na wenzake inabidi isubiri. Mimi naona biashara hiyo bado inalipa. Ila kota hiyo ni ya wenye anwani za go.tz. Mjomba wa dogo wa kafe ana kampuni binafsi, hawezi kupanga pale.

KILICHONIKUTA

Mwaka 2021 kampuni moja ndogo ya kupima viwanja mjini (silitaji jina, ni watu wema) ilinipa kazi. Walikuwa na makabati matatu ya mafaili ya wateja. Nikachagua chumba kitupu, seva ya kukodi nje ya nchi, kwa sababu ilikuwa rahisi na kwa sababu nilitaka kuonyesha kwamba naweza. Nikaweka Alfresco. Ile programu ni ya Java na inakula RAM kama haina akili nzuri, mashine yangu ilikuwa na GB 2, ikawa inapumulia kwenye dripu. Nikaongeza RAM, bei ikapanda, lakini ikatembea. Katibu muhtasi akapiga skani kurasa zaidi ya elfu nne kwa miezi miwili. Kila mtu akanisifia.

Kulipia nilitumia kadi ya rafiki yangu, na barua pepe niliyojisajilia ilikuwa ya zamani ambayo siifungui. Kadi ikaisha muda wake. Wale jamaa wa seva walituma taarifa ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote kwenye ile barua pepe. Kisha wakazima mashine, na siku zao za kusubiri zilipoisha wakaifuta. Bakapu? Nilikuwa nayo. Ilikuwa kwenye seva ile ile!

Siwalaumu, masharti yao yaliandikwa na mimi nilibonyeza nakubali bila kusoma. Kilichotuokoa ni kwamba yule katibu hakuwa amechoma karatasi, bosi alikuwa anamsukuma atoe makabati yale nafasi ipatikane, yeye akawa anasema "kesho". Nilirudi kupiga skani mwenyewe, wiki tatu, bila malipo. Kila karatasi niliyoigeuza nilikuwa nasoma jina la mtu na namba ya kiwanja chake.

Kwa hiyo swali langu la kwanza siku hizi si bei. Nauliza: NANI ATAAMKA USIKU? Kama ofisi haina mtu anayejua seva, aliyeajiriwa, mwenye barua pepe ya ofisi na si yake binafsi, basi chumba kitupu kifutwe kwenye orodha hata kama ni cha bure.

MAYAI YA WAKUBWA NAYO HUVUNJIKA

Usidhani ni sisi tu wa Mkonze. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha kampuni ya OVH kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua moto, jengo moja likateketea kabisa. Mamilioni ya tovuti yalizimika, na kuna wateja waliopoteza kila kitu kwa sababu bakapu yao ilikuwa kwenye eneo lile lile. Kosa langu, kwa saizi ya Ulaya.

Juni 2014 kampuni iitwayo Code Spaces ilivamiwa. Mhalifu alipata nywila ya akaunti yao ya wingu la Amazon, akafuta mashine pamoja na bakapu, kwa sababu vyote vilifunguliwa na ufunguo mmoja. Kampuni ikafa hapo hapo.

Na Mei 2024 mfuko wa pensheni wa Australia, UniSuper, wenye wanachama zaidi ya nusu milioni, ulijikuta wingu lake binafsi limefutwa kwa makosa ya mipangilio ndani ya Google Cloud kwenyewe. Google! Hawa walirudi hewani baada ya siku kadhaa, na sehemu ya sababu ni kwamba walikuwa na bakapu kwa mtoa huduma mwingine kabisa. Hiyo ndiyo tofauti kati ya UniSuper na mimi, mbali na hela.

SEVA IWE NDANI AU NJE YA NCHI?

Hapa kuna vitu vinne na watu huwa wanaangalia kimoja.

Umbali. Mwanga ndani ya nyaya za faiba unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Dodoma mpaka Dar ni kama kilomita 450, kwenda na kurudi ni milisekunde 5 hivi. Seva ikiwa Ulaya, njia ya kilomita 10,000, ni milisekunde 100 kabla hata seva haijafikiria. Ukurasa mmoja wa mfumo wa nyaraka unaweza kwenda na kurudi mara kumi na zaidi, hapo ndo unaona kiduara kinazunguka. Wakubwa wamesogea lakini mpaka Afrika Kusini tu kwa upande wetu: Microsoft walifungua vituo vyao kule Machi 2019, Amazon Cape Town Aprili 2020, Google Johannesburg Januari 2024. Ndani ya nchi kuna watoa huduma binafsi, na Kituo cha Taifa cha Data kiko Kijitonyama, Dar.

Pia piga hesabu ya kupakia. Ukurasa uliopigwa skani kwa rangi unaweza kufika MB 1. Kurasa 10,000 ni kama GB 10. Kwa laini inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde hizo ni saa 11 bila kukatika. Nani hapa ana saa 11 bila kukatika? Anza usiku, kidogo kidogo.

Nyaya. Tulikuwa tunalia na satelaiti mpaka SEACOM ilipofika Dar mwaka 2009, mwaka uliofuata ikaja EASSy. Tukasahau kwamba nyaya nazo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 zote mbili zilipata hitilafu baharini kwa pamoja, na Tanzania nzima ikaona cha moto. Siku kama hiyo seva iliyoko ndani ya nchi kwa kawaida bado inafikika, maana mawasiliano yanapita vituo vya ndani kama TIX cha Dar bila kwenda baharini. Ila nako si dawa ya yote. Kuanzia 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa, na ukiwa na mfumo wa mtandaoni peke yake siku kama hizo huna faili hata moja. Nakala kwenye diski pale ofisini si ushamba.

Dola. Huduma za nje zinalipwa kwa dola. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300, kufikia 2024 ikapita 2,600. Huduma ya dola 20 kwa mwezi ikatoka 46,000 kwenda 52,000 bila mtoa huduma kubadilisha kitu. Na hapo ni ukipata kadi inayokubali. Mtoa huduma wa ndani unamlipa kwa shilingi, na tangu kanuni za Machi 2025 hata kutangaza bei kwa dola humu nchini hairuhusiwi.

Sheria. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake. Ukiwa na majina, simu na namba za viwanja za watu, wewe ni mkusanyaji wa taarifa zao, unatakiwa kujisajili, na kuzisafirisha nje ya nchi kuna masharti. Haijakatazwa moja kwa moja, lakini "sikujua seva iko wapi" si jibu. Muulize mtoa huduma akuandikie data italala nchi gani. Akibabaika, aga.

MLANGO WA KUTOKEA

Hiki wengi hawakiulizi, na kwangu ni cha pili baada ya lile la usiku. Kabla ya kuingia gesti, jua utatokaje na begi lako. Mwambie mtoa huduma: tukitaka kuhama, mtatupa nyaraka zetu kwa muundo gani? Na maelezo yake je? Maana PDF elfu kumi zilizoitwa 00001, 00002 bila jina la mteja, tarehe wala toleo, hujarudishiwa mfumo, umerudishiwa gunia la karatasi.

Zamani wakubwa walikuwa wanatoza hela hata ya kutoa data yako ukihama. Mwaka 2024 Google, Amazon na Microsoft wote walitangaza kuondoa tozo hiyo kwa mteja anayehama kabisa, ila kila mmoja ana utaratibu wake, usome. Na kuhama si mambo ya walioshindwa. Kampuni ya 37signals ya Marekani ilitumia zaidi ya dola milioni 3 kwa wingu mwaka 2022, ikaamua kununua seva zake yenyewe na ikasema inaokoa hela. Lakini wale wana mafundi wa kuamka usiku. Tusije tukawaiga kichwa kichwa.

Mimi mwenyewe huwa nafanya jaribio. Naweka nyaraka 50 kwenye mfumo mpya, nazipa maelezo, kisha naomba zote nirudishiwe kabla hatujasaini mkataba. Wawili walishindwa mwaka jana. Mmoja alinitumia picha za skrini, hahaha.

DOGO WA KAFE

Nilimpa maswali matano akamuulize mjomba wake: nani ataamka usiku, data italala wapi, italipwa na kadi ya nani, bakapu ya pili iko kwa nani, na tunatokaje. Amerudi jana. Ofisi ina watu sita, fundi wa kompyuta anakuja Jumamosi tu, na mjomba hataki kusikia dola. Basi ile seva ya Ulaya tumeiacha. Watachukua huduma kamili kwa mtoa huduma wa ndani, kwa jina na barua pepe ya kampuni, na nakala kila Jumamosi fundi akija, kwenye diski mbili zinazopokezana, moja ikikaa kwenye sefu na nyingine nyumbani kwa mhasibu. Karatasi zenyewe hazitoki kwenye kabati mpaka jaribio la kurudisha nyaraka 50 lifaulu. Dogo ameanza na faili za herufi A.